Ruta Ndani ya Kikapu

Kwanza vueni viatu. Nnajua mna haraka, mna nyumba tano za kumaliza kabla ya Magharibi na mkubwa wa kazi anapiga simu kila robo saa. Vueni tu. Na soksi ziwe nzima. Fundi aliyetoboka soksi, hata akileta mtandao wenye kasi ya umeme, watu wa nyumba ile watakachokumbuka ni kidole.

Nimeanza na viatu kwa sababu tangu juzi natafuta pa kuanzia na sipaoni. Mimi ni Vuai, mstaafu, nakaa Kiembe Samaki, jirani na uwanja wa ndege, na ndege zikishuka nasimamisha kalamu mpaka zitue. Skuli nilikomea kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikimaliza kwa dua za mama yangu. Nina madaftari manne niliyokuwa naandika siku za kazi, na kila nikiyafungua naona mengi ni upuuzi: nani alinipa chai, nani alinikaripia, ngazi ipi ilivunjika kipago. Lakini kuna vijana wa mtaani kwetu wameajiriwa kufunga mitandao majumbani, na jioni wakinikuta barazani wananiambia, "Mzee Vuai, tupe siri." Siri sina. Makosa ninayo, tena ya kutosha kila mtu akachukua lake. Basi nayaandika, na nikikosea mtanisamehe, maana hata haya sina hakika kama nayakumbuka kwa mpango wake.

Nilianza kazi zama za simu za waya. Tulikuwa tunapanda nguzo na mkanda kiunoni, na simu ya majaribio imening'inia begani kama mkoba wa bibi harusi. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Pandu, Mungu amrehemu, mtu mfupi, hana maneno mengi, ila akikutazama unajua umekosea kabla hujakosea. Alinifundisha kuisikiliza laini. Unatia simu sikioni, unanyamaza, unasikia kama inapumua au imekufa. Na alinifundisha jambo moja nililolichukia miaka mingi: waya usiukate kwa kipimo. Kila ukifika mwisho wa kazi, uache mduara wa akiba, ukunje vizuri, uufiche nyuma ya kabati.

"Mzee, si tunapoteza waya?" nilimwambia siku moja, na nilikuwa najiona nina akili.

"Waya haupotei, upo pale pale," akasema. "Leo kabati liko hapa. Kesho mwenye nyumba anaoa, kabati linahama."

Nikafanya ubishi, nikakata kwa kipimo, nyumba moja ya Vuga. Hazikupita wiki mbili, kabati likahama. Si kwa ndoa, kwa panya, lakini lilihama. Mzee Pandu alinipeleka nikaunge waya ule kwa vipande vipande mpaka ukafanana na shanga za mtoto, na mwenye nyumba amesimama juu ya kichwa changu anahesabu viungo. Tangu siku hiyo naacha mduara. Likumbukeni hilo, litarudi.

Nyinyi siku hizi hampandi nguzo sana. Kazi yenu kubwa ni mtu na simu yake ya kutachi: mfungie ruta, muunganishe simu, ondoka. Inaonekana nyepesi. Mipangilio, waifai, chagua jina la nyumba, andika paswedi, basi. Ikigoma mara ya pili usiendelee kuibonyeza kwa hasira. Iambie simu isahau mtandao ule kabisa, uanze upya kama hamjaonana. Nusu ya matatizo niliyoitiwa yalimalizika hapo, na watu wakanisifu kwa jambo ambalo hata mimi sijui vizuri linafanya nini ndani.

Nusu iliyobaki ni ukuta.

Huku kwetu Kiembe Samaki nyumba ni za tofali. Ruta ukiitia sebuleni, hata kuku bandani wanapata. Nungwi nilifunga kwenye nyumba ya makuti, mwenyewe akawa anaangalia mpira amekaa ufukweni, anarusha mchanga kwa furaha. Mji Mkongwe ni mambo mengine. Kuta zile ni mawe na chokaa, unaweza kutia mkono kwenye dirisha mpaka kwapani vidole visitokeze nje. Mawimbi ya waifai yakikutana na ukuta ule yanasalimia, yanarudi. Na wenyeji wanapenda vioo vikubwa vya kizamani vya kujitazamia, vya fremu nzito. Kioo ni kibaya kuliko ukuta. Nilihangaika nyumba moja siku nzima, nikabadilisha ruta mbili, kumbe ya kwanza ilikuwa nzima na kosa lake ni kukaa nyuma ya kioo cha mahari ya bibi yao. Ile ruta niliyoirudisha kiwandani kwa ubovu, naiomba radhi hapa.

Lakini kosa ninalotaka kuwaambieni si la kioo. Ni la tiki.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini. Nyumba yenyewe ilikuwa huko ndani ndani Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho pikipiki ikipita wewe unajibana ukutani. Mwenye nyumba, Bwana Mahfoudh, alikuwa amefariki kiasi cha miezi miwili nyuma. Aliyeniita ni mdogo wake, Bwana Nassor, mtu wa makamo, kofia yake ya viua imesimama kama imepigwa rula. Mjane wa marehemu, Bi Ruqaiya, alikuwa juu ghorofani, amekaa eda. Wengine wenu mnalijua neno tu. Miezi minne na siku kumi mjane yuko ndani, hajipambi, hajitii manukato, wala haonani na mwanamme asiyekuwa maharimu wake, yaani ndugu wa damu asiyeweza kumuoa. Kwa hiyo fundi hapandi juu. Hilo halikuwa na mjadala, na mimi mwenyewe nisingetaka liwe na mjadala.

Mtandao ulitakiwa kwa sababu ya binti yake, Salma, aliyeolewa Maskati. Msiba wa baba yake ulimkuta ana mimba pevu, hawezi kupanda ndege. Sasa alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na siku ya saba, siku ya akika, mtoto atanyolewa nywele na kupewa jina. Salma alimletea mama yake simu mpya kwa mkono wa msafiri. Keshaitia programu ya kupigia simu za picha, keshaigeuza Kiswahili, ila haina laini, inangoja waifai. Mama abonyeze tu palipo na picha ya Salma. Na Bi Ruqaiya nyonga yake ilikuwa mbovu, ngazi zile za nyumba hakuzishuka zaidi ya mwaka. Baba kazikwa mtoto hayupo, na mjukuu atapewa jina bibi hayupo. Simu ile ndiyo ilikuwa kiti chake kwenye shughuli.

Mimi nilikwenda siku ya sita, mchana. Bwana Nassor alinikaribisha kwa kahawa na halua, akaniambia, "Fundi, kidude kiweke hapa," akanionesha shubaka la ukumbini. Mnayajua mashubaka yale yaliyochimbwa ndani ya ukuta, ya kuwekea sahani za kaure. Lile lilikuwa zuri, lina nakshi pembeni, na sahani mbili zilikuwa zimeshaondolewa kuipisha ruta. Nikatazama unene wa ukuta. Nikafungua mdomo. Nikaona halua mkononi mwangu. Nikafunga mdomo.

Nimlinde Bwana Nassor hapa: yeye hakuwa fundi, alitaka kukipa kitu kigeni mahali pa heshima. Fundi nilikuwa mimi.

Nikafunga. Nikatoa simu yangu, nikajaribu pale pale ukumbini, mtandao unakwenda kama maji, nikatazama na mabao mawili ya mpira ili niwe na uhakika. Kisha nikajaza fomu. Kwenye fomu kuna swali: Simu ya mteja imejaribiwa? Nikatia tiki kwenye Ndiyo.

Simu ya mteja sikuigusa. Sikuiona. Ilikuwa juu, kwenye chumba nisichoweza kuingia, na haya zangu zikanifanya hata kuuliza nisiulize. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye Ndiyo kwa mazoea. Jambo moja tu nililifanya sawa siku ile, nalo si langu, ni la Mzee Pandu: nyuma ya shubaka niliacha mduara wa waya.

Kesho yake, saa sita na nusu mchana, simu ikalia.

"Wewe ndiye Vuai fundi?"

"Naam, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Mwanaidi, dada yake marehemu. Kidude chako kinakonyeza tangu jana, lakini huku juu hakimtazami mtu."

Nikauliza shughuli ni saa ngapi. Saa tisa, akasema. Nikajiambia wakati upo, nikamalizia kazi niliyokuwa nayo, nikafika saa saba na nusu. Nikapiga hodi mara tatu, nikasubiri barazani, viatu mkononi. Bwana Nassor akafungua.

"Umekuja taratibu, fundi."

"Si saa tisa, bwana?"

"Saa tisa ya Maskati."

Maskati wako mbele yetu saa moja. Saa tisa yao ni saa nane yetu. Nilikuwa na nusu saa. Andikeni hilo kwenye mikono yenu: mteja akikutajia saa, muulize ya wapi.

Bi Mwanaidi alikuwa juu kabisa ya ngazi, kwenye kigoda, kando ya pazia la mlango wa Bi Ruqaiya. Alikuwa mkubwa kuliko Bwana Nassor kwa miaka mingi, na magoti yake nayo yalikuwa yamezigomea ngazi, akipanda asubuhi hashuki mpaka jioni. Kwa hiyo katikati ya uwazi wa ngazi walikuwa na kikapu cha ukindu kwenye kamba iliyopitishwa juu ya boriti. Dawa zinapanda kwa kikapu, uji unapanda, vyombo vinashuka. Nikaandika jina la mtandao na paswedi kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikatia kikapuni, Bwana Nassor akaivuta kamba, ikapanda. Mimi nikasimama chini, uso nimeugeuza ukutani, tukaanza kazi. Mimi namwambia Bi Mwanaidi, yeye anamwambia Bi Ruqaiya nyuma ya pazia, jibu linarudi kwa njia ile ile. Utani wa wifi kumfungia wifi yake waifai mshaufanya vichwani mwenu. Bi Mwanaidi naye aliufanya, mara mbili. Mimi siurudii.

"Bi, mwambie Bi Mkubwa afungue Mipangilio. Ina picha ya gurudumu lenye meno."

Minong'ono nyuma ya pazia.

"Ameliona. Anauliza gurudumu dogo hivi la baiskeli ya nani."

"Sasa aguse palipoandikwa waifai, achague jina lililo kwenye karatasi."

Minong'ono. "Amegusa. Anaandika hiyo paswedi yako. Ala, fundi, ndefu kama nasaba ya sharifu!"

Tukangoja. Nikahesabu vipago vya ngazi, kumi na saba, nikarudia.

"Imekataa."

"Tazameni juu kabisa ya kioo, pembeni. Pana picha kama pepeo la kupepelea jiko. Lina mbavu ngapi?"

"Pepeo lipo. Mbavu hazipo. Lina kitone tu chini."

"Kitone peke yake?"

"Kitone. Pepeo la maskini."

Nikaligeukia shubaka. Ruta ilikuwa imekaa mle inawaka taa zake, imependeza, na pande tatu imezungukwa na mawe kama imezikwa.

"Si jana ulisema inafanya kazi?" akaniuliza Bwana Nassor.

Ningeweza kusema mtandao umebadilika, hali ya hewa, mnara. Nyote mnajua maneno yetu. Sijui kwa nini siku ile sikuyasema. Pengine ni kwa sababu ya yule mama nyuma ya pazia.

"Bwana Nassor, jana nilijaribu simu yangu mwenyewe, nimesimama hapa hapa."

Akanitazama. "Kwa hiyo umetufungia mtandao wa wewe kuangalia mpira."

Nilistahiki. Nikasema, "Naam."

Bi Mwanaidi akakohoa kule juu, kikohozi cha mtu mwenye hoja. "Nyinyi wanaume, nisikilizeni. Siku ya khitma ya Mahfoudh chetezo tulikiweka wapi?"

"Hapo penye ngazi," akajibu Bwana Nassor.

"Na ubani ulifika wapi?"

"Nyumba nzima."

"Mpaka kwenye mto wa wifi yangu. Mngekitia chetezo kwenye shubaka, ubani ungenukia shubakani peke yake. Sasa hicho kidude, kwa nini hakipandi kikapuni?"

Vijana, mimi nina miaka zaidi ya thelathini kwenye kazi hii. Nimehudhuria mafunzo, nina vyeti viwili, kimoja kina picha yangu. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza jambo hili vizuri kuliko bibi yule aliyekaa kwenye kigoda. Ukuta mnene ukikushindeni, fuateni uwazi: milango, ngazi, madirisha ya ndani. Chumba cha Bi Ruqaiya kilikuwa na dirisha dogo la mbao linalotazama ule uwazi wa ngazi. Ubani ulilijua. Mimi sikulijua kwa sababu sikuuliza.

Bwana Nassor hakutaka. "Dada, nyumba ya msiba hii! Watu wanaingia kutoa mkono wa pole, wakute mashine inaning'inia kama mkungu wa ndizi?"

Tena nimtendee haki. Miezi miwili yule bwana alikuwa anapokea watu, anafungua mlango, anafunga, heshima ya nyumba ya kaka yake imemkalia mabegani. Mtu wa namna hiyo hata msumari uliopinda unamuuma.

Bi Mwanaidi akasema, taratibu, "Nassor. Mahfoudh kila asubuhi akisahau miwani yake tulikuwa tunamteremshia kwa kikapu hiki hiki. Heshima yake ilipungua?"

Bwana Nassor akaanza kukunja mikono ya kanzu.

Nikaingiza mkono nyuma ya shubaka, nikautoa mduara wa waya. Nikaukunjua, namwombea Mzee Pandu kila pindi. Ulifika katikati ya ngazi, usawa wa lile dirisha, na ukabakisha shibri moja. Waya wa umeme nikauunga na mwingine wa akiba. Ruta nikailaza kikapuni juu ya kitambaa, tukaivuta ikapanda inakonyeza. Kikapu cha ukindu hakizuii kitu, kizuri kuliko kabati la chuma. Kamba nikaifunga kwenye msumari wa zamani uliokuwa ukutani, na msumari ule, kama mtu aliyekuwa anangoja kisingizio, ukatoka na donge la chokaa kubwa kama andazi. Bwana Nassor akaidaka kamba.

"Nimeishika," akasema. "Endelea na kazi yako."

"Bi! Pepeo!"

"Ubavu mmoja. Ngoja. Miwili... mitatu! Fundi, mbavu tatu na kitone chake!"

Wakaandika paswedi upya. Simu ikakubali. Ikabaki dakika saba. Bi Ruqaiya akabonyeza picha ya Salma.

"Imekataa. Inasema haiwezi kuunganisha."

Mbavu zipo, mtandao upo, simu yangu mkononi inakwenda. Nikamwona Bwana Nassor ameshika kamba kwa mikono miwili. Simu haiwezi kuteremshwa kwangu, kikapu kina ruta. Nikajiuliza, kama simu hii ingekuwa mkononi mwangu ningetazama nini? Ningetazama kila kilichoandikwa juu yake. Basi nikauliza.

"Bi, simu inasema leo tarehe ngapi?"

Minong'ono, kicheko kidogo. "Anasema kwa simu hii, Salma bado yuko skuli ya msingi."

Ndilo lilikuwa lenyewe. Simu ilisafiri imezimwa, moto wa betri ukaisha, haina laini ya kuikumbusha, tarehe ikarudi nyuma miaka. Programu hizi kabla ya kuzungumza zinaoneshana hati, kama watu wa pasi bandarini. Hati ya leo mbele ya saa ya zamani inaonekana ya uongo, mlango unafungwa. Mkikuta mtandao upo na simu bado inakataa, tazameni tarehe. Tazameni tarehe kabla ya kulaumu kampuni, ruta, au mteja.

Nikawaelekeza waingie kwenye Mipangilio, kwenye saa na tarehe. "Sasa mwambie Bi Mkubwa leo ni tarehe..."

Bi Mwanaidi akaninyamazisha kwa mkono. Akasikiliza pazia. Kisha akasema, na safari hii hakucheka:

"Anasema fundi asimfundishe tarehe. Siku anazihesabu yeye humo ndani."

Akaiweka mwenyewe, akabonyeza tena picha ya Salma.

Tukasikia ile sauti ya simu inayoita, ule mlio wa kupanda na kushuka. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu ikakatika, na badala yake kikaja kishindo cha watu, vyombo, mtu anasema sogeeni, na sauti ya mwanamke, "Mama? Mama, unaniona?"

Jibu la Bi Ruqaiya sikulisikia, na si haki yangu kulisikia. Nilimwona Bi Mwanaidi tu, ameshika ukingo wa pazia na kidole mdomoni. Kisha mtoto akaanza kulia. Kilio chake kilitoka nyuma ya pazia, kikapita kwenye dirisha lile la mbao, kikashuka ngazi zote kumi na saba mpaka tulipo. Walikuwa wanamnyoa, nadhani. Alikuwa na mapafu mazuri.

Kule Maskati sauti ya mwanamme mtu mzima ikasoma dua, halafu ikataja jina la mtoto.

Mahfoudh.

"Fundi!" Bi Mwanaidi akapiga ukelele. "Mbavu zinapungua! Kikapu kinatikisika!"

Nikageuka. Bwana Nassor alikuwa ameweka paji la uso ukutani, kofia imekwenda upande, na kamba inatetemeka mikononi mwake.

"Bwana Nassor, kamba."

"Nnaijua kamba," akasema. "Ishike na wewe."

Nikaishika, mikono yangu chini ya yake. Kikapu kikatulia. Juu, Bi Mwanaidi alianza kupiga kigelegele, akakumbuka nyumba iko kwenye eda, akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, kikatoka nusu. Tulisimama hivyo wanaume wawili wazima kwa muda wote wa simu, na sijui ilikuwa dakika ngapi. Mikono ilikufa ganzi. Nilijiuliza kama nilistahiki kuwepo pale, mtu baki kwenye jambo la nyumba ya watu, lakini ningeondoka vipi? Nilikuwa nimeshika mtandao.

Baadaye nilipigilia ndoano mpya kwenye boriti, si ukutani, nikamwambia Bwana Nassor kama hataki kikapu nitaleta waya mrefu na kibao cha kufungia ruta vizuri. Akasema atafikiri. Akairudishia kofia yake rula. Kisha akaniletea halua, na siku ile niliila baada ya kazi, kama inavyotakiwa.

Nikakaa barazani kujaza fomu ya pili. Mahali kifaa kilipofungwa: nikaandika, kikapuni, katikati ya ngazi. Mkubwa wangu alipoisoma aliniuliza kama uzee umeanza, na simlaumu, hakuwepo. Halafu nikafika kwenye lile swali, simu ya mteja imejaribiwa, na vile visanduku viwili vya Ndiyo na Hapana. Kalamu ilikaa juu yake muda mrefu kuliko mtihani wowote wa skuli. Sikutia tiki kokote. Pembeni, kwenye nafasi nyembamba, niliandika maneno yaliyonitosha:

Simu sikuiona. Mtoto nimemsikia.